Bili ya Kompyuta za Kukodi Hupunguzwa Kabla ya Kazi Kuanza

Anayetaka kufuatilia hali ya mahindi katika nyanda za juu za Ufipa, tuseme kutoka Malangali hadi Laela, hahitaji kununua picha. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha kila baada ya siku 5 hivi, na picha hizo hutolewa bure. Gharama iko kwenye kuzichakata. Picha moja hufunika takribani kilomita 100 kwa 100, faili lake linakaribia gigabaiti moja, na kazi yenyewe hufanywa na kompyuta zinazokodiwa mtandaoni kwa dola. Bili ikivimba, wengi hukimbilia kutafuta mkodishaji wa bei nafuu. Nadhani hapo wanaanzia mwisho.

Mahindi ya Ufipa hukua msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, wakati ambao anga nayo imefunikwa. Kila picha huja na maelezo mafupi yanayotaja asilimia ya mawingu. Programu ikiyasoma kwanza, picha iliyozibwa kabisa huachwa bila hata kufunguliwa, na kazi isiyofanyika haina bili. Mahali napo pana uzito. Hazina kubwa mojawapo ya picha hizi iliyo wazi kwa umma ndani ya Amazon, mmoja wa wakodishaji hao, imehifadhiwa Oregon, Marekani. Anayetumia hazina hiyo huku akikodi kompyuta Cape Town kwa kudhani jirani ni nafuu atavuta magigabaiti kuvuka bahari. Anayekodi hukohuko Oregon atavuta jedwali dogo la matokeo.

Na kwa kuwa hakuna mtu anayesubiri mbele ya skrini, kazi hii inafaa kompyuta zilizokosa wateja, ambazo Amazon huzitoa kwa punguzo linalofika hadi asilimia 90, kwa sharti kwamba inaweza kuzichukua kwa notisi ya dakika 2. Itapingwa kwamba kazi itakatika. Itakatika, ndiyo, na iliyopangwa kama kipande kimoja cha saa 6 itaanza upya. Lakini ikiwekwa kwenye foleni picha mojamoja, na kila jibu likahifadhiwa papo hapo, hasara ni picha moja inayorudi foleni.

Wapo watakaosema afadhali kununua kompyuta yako. Kwa anayechakata mwaka mzima, hoja hiyo ina nguvu. Kwa kazi ya msimu, mashine italala miezi, tena Sumbawanga, mji wa Ufipa ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa Zambia.

Mwisho, weka kikomo cha idadi ya kompyuta zinazoweza kuwashwa kwa pamoja. Tahadhari ya bajeti, usipoiagiza vingine, hukutumia ujumbe tu, haizimi kitu.