Mwongozaji wa Filamu na Kazi ya Kuchagua

Katika Kiswahili, mtu asimamiaye uigizaji na upigaji picha wa filamu hutajwa kwa majina mawili. Tanzania huitwa mwongozaji, neno litokalo katika kitenzi ongoza. Kenya husikika zaidi mwelekezi, litokalo katika kitenzi elekeza. Maneno hayo yana fikra moja ndani yake, maana yote mawili humtaja mtu ajuaye njia kuliko wenziwe. Hata hivyo hayalingani kabisa. Aongozaye hufuatana na msafara, na akipotea hupotea nao. Aelekezaye aweza kusimama njia panda, akanyosha kidole, akabaki pale pale. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inagusa swali ambalo wachunguzi wa sanaa ya sinema wamelijadili kwa miaka mingi: filamu inapofaulu au inapoanguka, ni kwa kiasi gani sifa au lawama humstahili mtu huyu mmoja?

Swali hili ni gumu kwa sababu filamu ni kazi ya mikono mingi. Mtayarishaji hutafuta fedha, mwandishi hutunga hadithi na mazungumzo, mpiga picha hushika kamera, waigizaji huvaa nafsi za watu wengine, na mhariri hukata vipande vya picha na kuviunga. Mwongozaji mara nyingi hafanyi hata moja katika hayo kwa mkono wake. Kazi yake ni kuchagua: kamera ikae wapi, mwigizaji aseme au anyamaze, kipande kipi kibaki na kipi kitupwe. Mwaka 1954 François Truffaut, ambaye wakati ule alikuwa mhakiki kijana nchini Ufaransa, alichapisha makala katika jarida la Cahiers du cinéma, na kutokana na hoja zake na za wenziwe yakaenea mafundisho kwamba mwongozaji bora ndiye mtunzi halisi wa filamu, kama vile mshairi alivyo mtunzi wa shairi lake. Waliopinga walijibu kwamba mshairi hahitaji idhini ya benki, wala wino wake hauharibiwi na mvua. Filamu mbili za Marekani, zilizotokea kwa kupishana miaka 5 tu, zaweza kutumiwa kuupima ubishi huo.

Ya kwanza ni Jaws, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kuonyeshwa mwaka 1975. Hadithi yake ni ya papa mkubwa anayewashambulia waogeleaji wa mji mmoja wa pwani. Kazi ya kupiga picha ilifanyika mwaka 1974 katika kisiwa cha Martha's Vineyard, na mwongozaji, aliyekuwa na umri wa miaka 27 kazi ilipoanza, alishikilia kwamba picha zipigwe katika bahari yenyewe, wala si katika birika la studio. Uamuzi huo ulimletea mashaka makubwa. Papa wa mashine waliotengenezwa kwa ajili ya filamu waliharibiwa na maji ya chumvi, wakawa hawaendi ipasavyo. Kazi iliyokusudiwa kumalizika kwa siku 55 ikachukua siku 159, na gharama zikapita kadirio la awali mara mbili.

Papa alipokosekana, mwongozaji alilazimika kutafuta njia ya kumwonyesha bila yeye kuwapo. Katika shambulio la kwanza msichana anaogelea usiku, anavutwa chini, anapiga mayowe, na mtazamaji haoni mnyama yeyote. Mahali pengine kipande cha gati kinachokokotwa baharini kinageuka ghafla na kurudi ufukoni, na kugeuka huko peke yake kunatosha kutangaza kwamba kiumbe kikubwa kimegeuka chini ya maji. Baadaye mapipa ya manjano yaliyofungwa kwenye mwili wa papa yanaelea na kuzama, na kila yanapoibuka mtazamaji humwona asiyeonekana. Muziki wa John Williams, wenye noti mbili zinazorudiwa, hufanya kazi hiyo hiyo masikioni. Zaidi ya saa moja hupita kabla ya papa kujitokeza waziwazi.

Mwanafunzi wa lugha hatashangazwa na mbinu hiyo, kwa kuwa Kiswahili kinayo katika sarufi yake. Msemaji aweza kusema "Anakuja!" bila kumtaja ajaye. Kiambishi a- chatosha kumjulisha msikilizaji kwamba kilichoko njiani ni kiumbe chenye uhai, na kadiri nomino inavyocheleweshwa, ndivyo msikilizaji anavyoijaza nafasi hiyo kwa hofu yake mwenyewe. Mapipa, gati na noti mbili za muziki ni viambishi vya namna hiyo. Yanamtaja mtenda bila kumleta mbele, na papa anapoonekana mwishowe, nomino inawasili katika sentensi iliyokwisha kumtia mtazamaji hofu.

Filamu hiyo ilivunja rekodi ya mapato ya sinema zote zilizoitangulia. Sifa hazikuwa za mwongozaji peke yake: Verna Fields, aliyeihariri, na John Williams, aliyeitungia muziki, kila mmoja alipata tuzo ya Oscar. Lakini hapana budi kukiri kwamba ni mwongozaji aliyefanya kosa la kwenda baharini na mashine zisizoizoea bahari, na ni yeye aliyekubali kwamba upungufu ule ubadilishe umbo la hadithi. Angaling'ang'ania mpango wake wa mwanzo, angalipata filamu yenye papa wengi na hofu kidogo.

Filamu ya pili ni Heaven's Gate ya Michael Cimino, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Mwezi Aprili 1979 filamu yake ya The Deer Hunter ilikuwa imepata tuzo 5 za Oscar, mojawapo ikiwa ya mwongozaji bora, na mwezi huo huo akaanza kupiga picha za kazi mpya katika jimbo la Montana. Hadithi ilihusu ugomvi wa mwaka 1892 katika jimbo la Wyoming baina ya matajiri wa ng'ombe na walowezi maskini. Kampuni ya United Artists ilikuwa imekubali gharama za zaidi ya dola milioni 11. Kazi ilipokwisha, gharama zilikuwa zimefika karibu dola milioni 44. Kipande kimoja kiliweza kupigwa picha mara nyingi mno, majengo yaliyokwisha kusimama yaliamriwa yabomolewe na kujengwa upya, na tafsiri ya kwanza aliyowaonyesha wakubwa wa kampuni ilichukua zaidi ya saa 5.

Ilipofika mbele ya watu mjini New York mwezi Novemba 1980 ilikuwa imepunguzwa ikawa ya saa 3 na dakika 39. Wahakiki waliishambulia vikali, ikaondolewa baada ya juma moja. Mwezi Aprili 1981 ilirudishwa ikiwa ya karibu saa 2 na nusu, lakini mapato yake nchini Marekani hayakufika dola milioni 4. Mwaka huo huo United Artists iliuzwa kwa kampuni ya MGM.

Mtu aweza kudhani kwamba fundisho hapa ni la uwekevu, yaani atumiaye kidogo hufaulu na mfujaji huanguka. Ushahidi haukubali jibu jepesi hivyo, kwa kuwa waongozaji wote wawili walipitisha siku na fedha walizopewa. Tofauti yao imo katika uchaguzi. Spielberg alikutana na kizuizi, akakifanya kuwa sehemu ya usemi wake. Cimino, aliyekuwa amebeba sifa nyingi, hakupata kwa muda mrefu mtu wa kumwambia basi. Kila kitu kiliwezekana, na palipo na uwezekano wa kila kitu ni vigumu kuchagua. Lawama hiyo yawahusu pia waliokuwa na mamlaka ya kumzuia wakachelewa.

Tena yafaa kutenga maana mbili za neno kufaulu. Mwaka 2012 tafsiri ndefu ya Heaven's Gate, baada ya kutengenezwa upya, ilionyeshwa katika tamasha la Venice, na baadhi ya wahakiki wa siku hizi huiheshimu kwa uzuri wa picha zake. Kwa hiyo iliyoanguka sokoni haikuanguka lazima katika sanaa. Hukumu ya soko hutolewa kwa majuma, ya sanaa huchukua miaka, na mwongozaji huhukumiwa na mabaraza yote mawili.

Kwa wasomaji wa Kiswahili jambo hili limekaribia nyumbani. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Katika kitabu msimulizi aweza kueleza kwa aya nzima kilichomo moyoni mwa Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mume mzee katika Unguja ya zama za utawala wa Waingereza. Filamu haina nafasi ya aya. Yale yaliyosemwa kwa maneno sharti yabebwe na uso, kichochoro, mwanga na ukimya, na mengine yaachwe. Miongoni mwa chaguo zote, moja lawahusu wanaisimu hasa: wahusika wanazungumza Kiswahili. Filamu ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021 watazamaji wakisoma tafsiri chini ya picha, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania Oscar katika fungu la filamu za kimataifa, fungu linalotaka mazungumzo mengi yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Kumbe lugha ambayo wengine wangaliiona kuwa kizuizi ndiyo iliyoufungua mlango huo.

Kutokana na mifano hii, swali la istilahi lililotangulia laweza kupata jibu, angalau la muda. Mwelekezi ni neno sahihi kwa sarufi na lina watumiaji wake. Lakini mtu aliyekaa baharini siku 159 akingoja mashine zitii, na mtu aliyeingia jangani pamoja na kampuni nzima, hawakusimama njia panda. Walikuwa ndani ya msafara. Anayebeba sifa ya kufika na aibu ya kupotea yuastahili jina linaloonyesha kwamba alikwenda, na katika mawili hayo, jina hilo ni mwongozaji.