Jino Linavyohamishwa Ndani ya Taya

Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya pana utando wa nyuzinyuzi, unene wake kama robo ya milimita, unaolishikilia jino na kuliacha linepe kidogo wakati wa kutafuna. Utando huo ndio unaowezesha meno kunyooshwa. Jino likisukumwa taratibu kwa siku nyingi, utando hubanwa upande linakoelekea na kuvutwa upande linakotoka. Penye mbano, seli fulani huumega mfupa. Penye mvuto, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Jino huhama pamoja na shimo lake.

Kwa kuwa kazi ni ya mfupa, nguvu nyingi haziiharakishi. Kwa kawaida jino husogea takriban milimita moja kwa mwezi. Likikazwa kupita kiasi, damu haipiti kwenye utando uliobanwa, seli zake hufa, na jino hukwama kwa wiki kadhaa hadi mwili uondoe kilichokufa. Mzizi nao waweza kulika ukafupika. Anayemsihi daktari akaze zaidi ili amalize mapema huwa anaomba kucheleweshwa. Matibabu mengi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, au zaidi.

Bresi, au waya za meno, hutoa nguvu hiyo ndogo bila kukatika. Kila jino hugandishwa breketi, kipande kidogo cha chuma au kauri chenye mfereji, na waya hupitishwa humo na kufungwa kwa vipira vidogo. Waya za mwanzo ni za nikeli na titani: hupinda kufuata meno yalivyokaa, kisha hujirudi polepole kwenye umbo lake la upinde, zikiyavuta meno pamoja nazo. Baadaye huja waya ngumu za pembe nne. Mfereji wa pembe nne, uliobuniwa na Edward Angle wa Marekani miaka ya 1920, humwezesha daktari kuuelekeza hata mzizi, si sehemu inayoonekana tu.

Zamani kila jino lilivishwa pete ya chuma. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ikipakwa asidi huparuzika na kushika vizuri plastiki inayogandishwa juu yake, na mbinu hiyo ndiyo iliyozaa breketi za kubandika. Kwa wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako maji yenye floraidi nyingi huyapa meno rangi ya kahawia, breketi huweza kubanduka kwa urahisi zaidi, kwa sababu enameli ya namna hiyo hustahimili asidi.

Si kila pengo linahitaji waya. Mwanya wa mbele, ambao wengi Afrika Mashariki huuhesabu kuwa urembo, si ugonjwa. Yanayostahili kutibiwa ni meno yaliyobanana hadi mswaki haufiki, meno ya juu yaliyochomoza kiasi cha kuvunjika mtoto anapoanguka, au taya zisizokutana sawasawa. Baadhi ya hali hizi huanza pale gego la utotoni linapooza na kung'olewa mapema: gego la nyuma yake husogea mbele na kuziba nafasi ya jino litakalofuata. Wengi hutibiwa wakiwa na miaka 11 hadi 14, ila mtu mzima mwenye fizi zenye afya hutibika pia.

Kashata, miwa na mahindi ya kuchoma hung'oa breketi. Hatari kubwa zaidi ni ukoga unaojificha pembeni mwake. Usiposuguliwa, huacha mabaka meupe yasiyofutika kirahisi.

Waya zikishaondolewa, nyuzinyuzi za ufizi zilizovutika huendelea kulirudisha jino lilikotoka, na huchukua miezi mingi kujipanga upya. Ndiyo maana mgonjwa hupewa kishikizo cha plastiki cha kuvaa usiku, au hugandishwa waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele. Wanaokiacha kishikizo kabatini mara nyingi huona meno ya mbele ya chini yakianza kupishana tena.