Bulo Iliyoisha Pembe: Akili Mbele, Nguvu Nyuma



Mara nyingi katika ukurasa huu tunasema juu ya hatari za shimoni, za umeme na za mashine kubwa. Leo tunasema juu ya kitu kidogo kama kidole: bulo. Wengi wetu, siku ya mapumziko, tunafungua motere ya gari uani kwetu. Pale hakuna mkubwa wa kazi wa kutuonya, na watoto wanazunguka karibu. Ndipo bulo moja yenye kukataa inapopasua mkono au kuharibu jicho.

Kwa nini pembe zinaisha?

Kichwa cha bulo kina pembe sita. Ufunguo ulioenea vizuri unashika ubavu wake. Ufunguo unaolegea unasukuma pembe tu, na pembe zinaliwa. Kosa la kawaida ni kuchanganya inchi na milimetri. Nusu inchi ni milimetri 12,7. Ufunguo wa 13 unaingia juu yake, na mtu anafikiri umeenea. Kumbe unacheza kidogo, na mchezo huo mdogo unatosha kuharibu bulo iliyoshikwa na kutu. Tena, duyi ya pembe sita inashika vizuri kuliko ile ya pembe 12.

Tuseme sasa bulo ya pompi ya maji imekwisha kuwa mviringo. Bulo ni ya chuma, na mara nyingi imeingia katika aluminiamu. Vitu hivi viwili vinashikana sana vikipata maji na kutu. Ukitumia nguvu za hasira, bulo inakatika ndani, na kazi ya saa moja inakuwa kazi ya wiki. Fuata njia hii:

1. Acha motere ipoe kabisa. Maji ya radiatere yenye moto yanachoma mtu vibaya. Ondoa waya wa bateri wa upande wa kutoa (–). Vaa miwani ya usalama.

2. Safisha kutu kwa brosi ya chuma. Tia mafuta ya kulegeza kutu na ungoje. Ikiwezekana, ngoja usiku mzima. Mafuta hayana mshahara: yanafanya kazi wewe ukilala.

3. Gonga kichwa cha bulo kwa nyundo, kwa kiasi, mara nyingi. Mtikisiko unavunja kutu na mafuta yanapata njia.

4. Chukua duyi ya kizamani iliyo ndogo kidogo, kama ya 12 juu ya kichwa cha 13 kilichoisha, na uiingize kwa nyundo. Ama chonga kwa tupa pande mbili zenye kuelekeana, ili ufunguo upate mahali pa kushika.

5. Jaribu kwanza kukaza kidogo sana, kisha fungua. Bulo ikisogea, usishangilie upesi. Tia mafuta tena, rudisha, fungua tena, pole pole.

6. Vuta ufunguo upande wako, usiusukume. Ukiponyoka, mkono unakuja mahali wazi, haupigi chuma. Kama hakuna njia ila kusukuma, sukuma kwa kiganja kilicho wazi, vidole visikunjwe.

7. Ikishindikana, usitoboe kwa kubahatisha. Kile chombo cha kung'olea bulo ni cha chuma kigumu sana. Kikivunjika ndani ya tundu, hata foreze ya kawaida haikiwezi. Pelekea fundi. Sudere anaweza kuunganisha ekru mpya juu ya bulo, na moto wake nao unasaidia kulegeza.

Mambo ya kukataa

Usiongeze bomba refu juu ya ufunguo. Usipige patasi ambayo kichwa chake kimepasuka na kufunguka kama uyoga: vipande vyake vinaruka kama risasi. Usitie moto karibu na esanse, wala juu ya bulo uliyokwisha kupaka mafuta. Jua pia kwamba aluminiamu inayeyuka kwa digri 660 hivi, bila kwanza kuwa nyekundu kama chuma. Haikuonyi.

Na zaidi ya yote: usivute bulo ngumu ukiwa chini ya gari lililosimama juu ya kriki peke yake. Nguvu yako ile ile inatikisa gari, na kriki inaanguka. Weka vigingi imara chini ya gari, na zuia magurudumu kwa mawe.

Neno kwa mama wa nyumba

Mama, wakati baba anafungua motere, watoto wakae mbali. Kama kipande cha chuma kimeingia katika jicho, asilisugue, na mtu asijaribu kukiondoa. Funika jicho bila kulikandamiza na mwende hospitali upesi.

Jeraha la mkono lioshwe kwa maji safi na sabuni, hata likiwa dogo. Watu wanasema kutu inaleta tetanosi. Kutu yenyewe siyo; ni vijidudu vinavyokaa katika udongo na uchafu, na vinapenda jeraha lenye kuingia ndani. Chanjo inakinga. Uliza katika dispensari kama yako ingali na nguvu.

Wandugu, bulo mpya inapatikana sokoni. Jicho halipatikani, wala kidole. Bulo ikikataa leo, weka mafuta, funika motere, uende kula na jamaa yako. Kesho itakuwa pale pale, nawe utaikuta na mikono yako yote miwili.