Mchungaji akianguka, tusianguke naye

KUNA swali ambalo sisi tuliorudi Rwanda kutoka uhamishoni tumeulizwa mara nyingi, na wengine tunajiuliza wenyewe kimoyomoyo. Mtu anawezaje kuendelea kwenda kanisani katika nchi ambayo mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa, huku baadhi ya waliowasaliti wakiwa ni mapadri na wachungaji wao? Nalisikia darasani kutoka kwa vijana waliozaliwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nalisikia pia kwa akina mama wanaofanya biashara mpakani, ambao wana machungu yao mapya na viongozi wa dini.

Sisi tuliokulia uhamishoni Tanzania, mkoani Kagera, kanisa lilikuwa kila kitu kwetu. Jengo tulilosalia Jumapili ndilo tulilosomea siku za kazi, na katekista ndiye aliyetushika mkono tukaandika herufi za kwanza. Ndiyo maana tuliporudi na kusikia yaliyotendeka makanisani, yalituuma kama habari mbaya za mzazi. Wapo walioacha kusali kabisa. Wapo pia walioamua kutozungumzia mambo hayo, wakidhani wanailinda imani.

Mimi naona njia zote mbili hazitufai. Tuanze na ukweli wenyewe.

Huko Nyange, Aprili 1994, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani. Jengo liliangushwa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri Athanase Seromba, aliyekuwa akiiongoza parokia hiyo, alikimbilia Italia na kuendelea na kazi ya upadri kwa jina jingine. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu miaka 15 mwaka 2006, na mwaka 2008 kitengo cha rufaa kikampa kifungo cha maisha.

Huko Mugonero, wachungaji Waadventista waliokuwa wamejificha na familia zao hospitalini walimwandikia barua kiongozi wao, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana. Walimweleza kwamba wanajua watauawa kesho yake, wakamwomba awatetee kwa wakuu wa serikali. Hawakupata msaada, na tarehe 16 Aprili walishambuliwa. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ilimkuta na hatia ya kusaidia mauaji ya kimbari, ikamfunga miaka 10.

Msomaji, hapo ndipo naomba tusimame kidogo. Tunapoisimulia habari ya Mugonero tunamtaja mchungaji aliyeipokea barua, tukasema, "Hao ndio wachungaji." Lakini walioiandika walikuwa nani? Nao walikuwa wachungaji. Walibaki na watu wao mpaka mwisho. Tukisema kanisa lote ni yule aliyesaliti, tunawafuta waliosalitiwa, na wao walikuwa kanisa vilevile.

Wanaopita Gisenyi wanaweza kuuliza habari za Felicitas Niyitegeka. Alikuwa mwanamke aliyejitoa kwa utumishi wa Kanisa Katoliki, akifanya kazi katika kituo cha Saint Pierre mjini humo. Mauaji yalipoanza aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengi kuvuka kwenda Goma, kwenye mpaka huohuo ambao wafanyabiashara wanaujua vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu. Ndugu yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa, naye akamjibu kwa barua kwamba hawezi kuwaacha watu 43 aliokuwa nao. Aliuawa tarehe 21 Aprili 1994. Leo ni miongoni mwa mashujaa wa taifa wa daraja la Imena. Hakuwa askofu wala paroko.

Tena tuwakumbuke vijana. Tarehe 18 Machi 1997, palepale Nyange, wanafunzi wa sekondari waliamriwa na watu wenye silaha wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na baadhi yao wakauawa. Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili, waseminari wa Buta nchini Burundi walipewa amri kama hiyo. Nao walikataa, wakauawa 40. Mtoto wa shule alilishika fundisho ambalo baadhi ya wakubwa waliolifundisha walilitupa.

Najua msomaji mwingine atasema hayo ni mambo makubwa, ya kwake ni madogo. Lakini jeraha dogo nalo huua imani lisipotibiwa. Katika kikundi kimoja cha maombi ninachokijua, akina mama wanaouza ndizi na nyanya mpakani waliweka akiba kila wiki kwa kiongozi wao. Siku moja akatoweka na fedha zote. Mmoja wa akina mama hao hajakanyaga kanisani tena. Mwenzake, aliyepoteza mtaji wake wote, aliniambia hivi: "Mwalimu, fedha zangu ameondoka nazo. Na sala yangu nayo nimpe aondoke nayo?"

Sijapata mahubiri yaliyonifaa kuliko maneno hayo. Imani ya yule mama haikuwa mali ya kiongozi, kwa hiyo kiongozi hakuweza kuiiba. Na Biblia haikutuficha jambo hili. Katika wanafunzi kumi na wawili, aliyeshika mfuko wa fedha ndiye aliyekuwa mwizi, na aliyekuwa mstari wa mbele ndiye aliyemkana Bwana wake mara tatu. Nabii Ezekieli, sura ya 34, anawashutumu wazi wachungaji wanaojilisha wenyewe na kuliacha kundi.

Hata hivyo, kuna maneno ambayo hutumiwa vibaya: "Mtazame Mungu, usimtazame mwanadamu." Ni maneno mema, lakini yakisemwa na aliyekosa, mara nyingi maana yake ni "usiniulize." Kusamehe si kuficha. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa tamko la Novemba 2016, na Papa Francis akafanya hivyo Machi 2017 alipokutana na Rais Kagame. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20. Miaka hiyo yote waliofiwa walisubiri, na wengine walichoka kusubiri wakaondoka.

Basi tufanye nini? Kwanza, anayeiba kanisani ni mwizi. Apelekwe polisi kama mwizi wa sokoni, na kumshtaki si dhambi. Pili, fedha za kikundi zisikae kwa mtu mmoja hata akiwa anasali usiku kucha. Ziwekwe benki au SACCO, ziwe na saini tatu, na daftari lisomwe mbele ya wote. Tatu, kuhama kanisa lililokuumiza si kumhama Mungu. Tafuta familia mbili tatu msome Neno pamoja mpaka jeraha lipone.

Mwaka 2018 sheria ya Rwanda ilianza kudai viongozi wa dini wawe na shahada ya theolojia. Mimi ni mwalimu, siwezi kuidharau elimu. Lakini waliohukumiwa Arusha hawakuwa mbumbumbu. Cheti hakimpi mtu dhamiri, na waumini wasiouliza maswali hawatalindwa na cheti cha mtu yeyote.

Ninaye shangazi ambaye ndugu zake waliuawa kanisani. Haingii katika jengo lile. Jumapili husali nyumbani kwake, mlango ukiwa wazi, na anayetaka huingia akasali naye. Wapo wanaomwita aliyeasi. Mimi sithubutu. Imani yake imepita mahali ambapo ya kwangu haijapita, na bado ipo. Sisi tunaoingia kanisani tuna wajibu wa kuzisema kweli zote mbili, ya waliosaliti na ya waliokataa kusaliti, ili watoto wetu wajue kwamba siku ikifika, nao watatakiwa kuchagua.