Fahamu: Kwa nini herufi za mwinuko hupotoka kwenye chupa

Anayechora chupa kwenye programu ya CAD hushawishika kuandika jina la bidhaa kwenye bapa lililo mbele ya chupa, kisha kulisukuma moja kwa moja hadi ligote ubavuni. Njia hiyo ni ya haraka, lakini huharibu herufi. Chukua chupa ya kipenyo cha milimita 60 na maandishi ya upana wa milimita 52: yakishatua juu ya mviringo, hutandaa karibu milimita 63. Herufi ya katikati hubaki ilivyo. Ukingoni kabisa, upana huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo maana zana ya kuviringisha, iitwayo Wrap katika SolidWorks na Emboss katika Fusion, inafaa zaidi: huulaza mchoro kama lebo ya karatasi, na vipimo vyake hubaki.

Wapo watakaosema lebo haiwezi kulala kwenye mpira bila kukunjamana. Ni kweli, na hakuna programu itakayolitatua hilo: mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba uso wa tufe hauwezi kutandazwa bila kupotosha vipimo. Silinda na koni hukubali. Kwenye tufe, maandishi yawe mafupi. Pingamizi la kiwandani ni zito zaidi. Kuta za herufi zilizoviringishwa hufuata mviringo wa chupa, kwa hiyo zile za pembeni zaweza kunasa kalibu inapofunguka. Hapo ni bora kusogeza maandishi katikati ya nusu ya kalibu na kupunguza kimo cha mwinuko, kuliko kurudia njia inayotanua herufi.