Kapasita: Jifunze kuuona umeme kabla ya kuushika

Moyo ukipoteza mapigo yake na kuanza kutetemeka bila kusukuma damu, waokoaji wana dakika chache tu. Huanza kukandamiza kifua, na mashine ya kushtua moyo ikifika, pedi zake hubandikwa kwenye ngozi ya mgonjwa. Mashine hujaza chaji kwa sekunde kadhaa, kisha huiachia kwa ghafla ndani ya milisekunde chache. Betri peke yake haiwezi kutoa umeme mwingi kiasi hicho kwa mkupuo. Kinachouhifadhi na kuuachia ni kapasita, kifaa cha ukoo mmoja na kile ambacho fundi hubadilisha feni ya darini inapozunguka kwa kusuasua.

Matumizi hayo ya tiba si ya jana. Mwaka 1962 daktari wa moyo wa Marekani, Bernard Lown, na wenzake walichapisha njia ya kurekebisha mapigo ya moyo kwa umeme unaotoka kwenye kapasita. Kabla yao, madaktari wengi walikuwa wakitumia mkondo geu, umeme wa aina ile ile inayotoka ukutani.

Darasani, hata hivyo, wanafunzi wengi hukutana na kapasita ikiwa mistari miwili sambamba iliyochorwa ubaoni, pamoja na kanuni ya kukariri. Mtihani ukipita, kanuni nayo hupita. Hilo halishangazi, maana chaji haionekani kwa macho, na shule nyingi hazina vifaa vya kuipima.

Pengo hilo linaweza kuzibwa na simulesheni, yaani programu ya kompyuta inayoiga jaribio na kumruhusu mwanafunzi alibadilishe atakavyo. Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla, alianzisha mradi wa PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Simulesheni zake hutolewa bure, na unaweza kuzipakua ukazitumia bila intaneti. Ya kapasita inaitwa Capacitor Lab: Basics.

Ukiifungua utaona mabamba mawili ya metali yanayotazamana, betri, swichi na voltimita. Tuseme kila bamba lina eneo la milimita 200 za mraba, nafasi kati yake ni milimita 6, na betri ni ya volti 1.5. Uwezo wa kapasita hiyo kuhifadhi chaji ni takriban pikofaradi 0.30. Sasa sogeza mabamba hadi yatenganishwe na milimita 3. Uwezo unapanda hadi karibu 0.59, na alama za chaji kwenye mabamba zinaongezeka maradufu. Volti hazijabadilika, kwa sababu betri bado imeunganishwa. Chaji chanya na hasi zimekaribiana, zinavutana kwa nguvu zaidi, hivyo betri inaweza kusukuma nyingine nyingi zikakaa.

Jaribio la pili ndilo linalompambanua aliyeelewa na aliyekariri. Mabamba yakiwa bado kwenye milimita 3, tenganisha betri kwa swichi, kisha yarudishe kwenye milimita 6. Kabla ya kuyavuta, andika kwenye daftari unachotarajia. Wengi watasema volti zitapungua au zitabaki vilevile. Voltimita itaonyesha volti 3. Chaji haina njia ya kutoka, kwa hiyo kiasi chake ni kile kile, lakini uwezo umepungua nusu. Lazima volti ziongezeke maradufu. Nishati iliyohifadhiwa nayo imeongezeka maradufu, ingawa betri imeshaondolewa. Imetoka kwenye kazi ya kuyatenganisha mabamba yanayovutana.

Hatua ya kuandika utabiri isirukwe. Mwanafunzi anayebofya huku na huku bila kujiuliza swali anaangalia picha tu. Mwalimu naye aeleze mipaka ya simulesheni. Sehemu moja ya programu hii huonyesha balbu ikiwaka kwa chaji ya mabamba hayo madogo. Katika maisha halisi nishati hiyo, ambayo ni ya kiwango cha jouli moja iliyogawanywa mara trilioni moja, haiwezi kuiwasha balbu ikaonekana.

Nishati ya kapasita ni nusu ya uwezo wake, mara volti, mara volti tena. Chukua kapasita ya mikrofaradi 100 iliyojazwa kwa volti 2,000: unapata jouli 200, kiwango kinachotumika katika kushtua moyo. Volti zikiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Nishati kubwa kiasi hicho ndiyo sababu kabla mashine haijaachia umeme, kila mtu huamriwa aondoe mikono kwa mgonjwa.

Onyo hilo linahusu pia nyumba zetu. Kapasita ya maikrowevu hujazwa kwa volti 2,000 au zaidi, na inaweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa ukutani. Baadhi huwa na resista ya kuiondoa chaji hiyo, lakini nayo huweza kuharibika. Televisheni za kichogo nazo zinaweza kubaki na volti za kuua. Kijana anayejifunza ufundi akidhani kwamba kuchomoa waya kumemaliza kazi, anaweza kulipa kwa uhai wake.

Walimu wa fizikia na wakufunzi wa ufundi, pakueni programu hii hata kwenye kompyuta moja ya shule, mwaite wanafunzi mbele, na kila mmoja atabiri kabla ya kubofya. Nawe unayependa kufungua vifaa vya umeme, anza kwenye skrini. Maikrowevu mwachie fundi aliyefunzwa kuondoa chaji na mwenye kifaa cha kuipima.