Manyoni: Njia panda ya reli, barabara na VVU

Na Mwandishi Wetu, Manyoni

MJI wa Manyoni uko njia panda. Reli ya Kati hupita hapa kuelekea Tabora, Kigoma na Mwanza. Barabara kuu itokayo Dodoma huendelea hadi Singida, na nyingine huchepuka magharibi kupitia Itigi. Desemba 2021 ulisainiwa pia mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora, wilayani humu, hadi Tabora.

Ukimwi tangu mwanzo umefuata njia za wasafiri. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti ugonjwa huo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi Singida imekuwa chini ya wastani wa taifa. Barabara peke yake, basi, haielezi kila kitu. Katika utafiti wa 2022/23, Njombe, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia hupita Makambako, ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima. Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, ilikuwa na asilimia 1.7.

Sababu mojawapo ni tohara. Wagogo na Wanyaturu hutahiri kwa mila; kwa wenyeji wengi wa Njombe haikuwa hivyo. Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda, yaliyotangazwa kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Haizuii kabisa, wala haimkingi moja kwa moja mwanamke anayeishi na mwenzi mwenye virusi. Kitaifa, mwaka 2022/23 maambukizi yalikuwa asilimia 5.6 kwa wanawake na 3.0 kwa wanaume.

Aidha, kiwango cha maambukizi husomwa vibaya mara nyingi. Tangu dawa za kufubaza virusi zianze kutolewa bure mwaka 2004, wenye VVU huishi miaka mingi na huendelea kuhesabiwa. Kipimo kikali zaidi ni maambukizi mapya: takriban watu wazima 60,000 kwa mwaka, kwa mujibu wa utafiti huo.

Wengi wa waliobaki nyuma ni wale wasiojua hali zao. Kati ya watu wazima wenye VVU, asilimia 82.7 ndio waliojua, na karibu wote hao walikuwa kwenye dawa. Wanaume hupima kwa kusuasua zaidi, ingawa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe.